Goti la mbwa na sheria ya siku 14: uchambuzi wa kisa kwenye mfereji wa Ashby

Mbwa jike wa miaka tisa, mchanganyiko wa Labrador mwenye uzito wa kilo 31, amechanika kano la goti la mguu wa nyuma. Daktari anataka kumpasua, na baada ya hapo anataka wiki nane ambazo mbwa haruki, hapandi ngazi na hakimbii. Tabu ni kwamba mbwa huyu hakai kwenye nyumba. Anakaa na dada yangu, shemeji yangu na mbwa mwingine mdogo ndani ya boti nyembamba ya mfereji huko Uingereza. Boti hiyo haina gati lake la kudumu, na kwa sheria haitakiwi kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14. Kuingia na kutoka ni kuruka, na kushuka ndani ni ngazi.

Karibu kila mtu aliyewashauri aliwaambia mambo mawili: kodisheni nyumba mpaka apone, au mtafutieni mbwa watu wengine wa kumlea. Naandika kisa hiki kwa sababu naamini ushauri huo ulikuwa na kasoro, tena kasoro ambayo ingemgharimu mbwa mzee watu wake na mahali alipopazoea. Nilikwenda kukaa nao ili kusaidia kubeba, kwa hiyo mengi ninayoyaeleza niliyaona kwa macho.

Boti ilivyo

Boti hizi zina upana wa kama mita 2.08, kwa sababu loki za mifereji mingi ya katikati ya Uingereza zilijengwa karne ya 18 kwa upana wa futi 7 tu, na boti pana zaidi haipiti. Loki ni chumba cha mawe au matofali chenye malango huku na huku. Boti inaingia, malango yanafungwa, maji yanajazwa au yanatolewa, nayo inapanda au kushuka hadi usawa wa sehemu ya mfereji inayofuata. Kwa urefu, boti kubwa hufika mita 22. Ya dada ina mita 17.4, yaani futi 57, kipimo kinachopendwa na wanaosafiri kwa sababu kinapita karibu mifereji yote.

Ukiingia kwa omo, yaani upande wa mbele, unavuka ukingo wa boti, unakanyaga sitaha ndogo iliyofunikwa turubai, kisha unashuka vidaraja viwili hadi sebuleni penye jiko la kuni na makaa. Kinafuata chumba cha kupikia, bafu, chumba cha kulala, na kule tezi, yaani nyuma, kuna injini ya dizeli na jukwaa dogo anaposimama mshika kana, mkono wa usukani. Ngazi ya tezi imesimama karibu wima, ina vidaraja vinne vyembamba. Sakafu yote iko chini ya usawa wa maji ya nje. Kwetu mbwa wa ulinzi hulala uani, na mama yetu bado akipiga simu huuliza mbwa wanalala wapi. Wanalala humo humo, hatua tatu kutoka kitandani, na katika baridi ya huko hakuna pengine pa kuwalaza.

Alivyoumia

Ilikuwa Septemba, mvua imenyesha. Shemeji alikuwa akiileta boti ukingoni. Ashby ni mfereji wa kina kifupi kandokando, kwa hiyo omo lilifika ila tezi ilikwama kwenye tope, ikabaki hatua moja kutoka nchi kavu. Mbwa hakungoja. Aliruka kama alivyoruka miaka yote. Alipojisukuma, mguu wa nyuma uliteleza kwenye chuma kilicholowa. Alitua salama, akasimama, akaunyanyua mguu na hakuukanyagia tena.

Ni rahisi kuulaumu mruko ule. Daktari aliwaeleza kwamba kwa mbwa kano hili mara nyingi halikatiki ghafla kama la mchezaji mpira. Hulika polepole kwa miezi, na siku moja nyuzi zilizobaki zinaachia. Labrador ni miongoni mwa mbwa wanaosumbuliwa sana na jambo hili, na uzito unaongeza tatizo. Dada alipoulizwa maswali alikumbuka kwamba tangu kiangazi mbwa alikuwa akiketi huku ameutupa mguu mmoja pembeni badala ya kuukunja chini yake. Hiyo ni dalili inayojulikana. Anayefuga mbwa mzito aitazame namna anavyoketi, popote anapoishi.

Pamoja na hayo, boti nayo ina sehemu yake. Mbwa wa nyumbani hutoka mlangoni kwa kutembea. Mbwa wa boti hutoka kwa kuruka, tena mara kadhaa kila siku, kiangazi na kipupwe, juu ya chuma kinachoteleza. Goti linalolika linahesabu miruko hiyo yote. Hapa ndipo nilipoanza kukiona kisa kwa namna nyingine: kilichomuumiza ni mlango wa boti. Safari yenyewe haikuwa na kosa.

Fikiria mwendo wa boti hizi. Kikomo cha kasi kwenye mifereji ni maili 4 kwa saa, yaani kama kilomita 6.4, na ukipita boti zilizofungwa unapunguza zaidi. Kwenye maji ya kina kifupi kama ya Ashby unakwenda kilomita nne, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Hakuna breki ya ghafla, hakuna shimo, hakuna kona kali. Mbwa aliyelala sebuleni karibu na omo yuko mita kumi na zaidi kutoka kwenye injini, na mtikisiko wenyewe haumfikii. Gari lililompeleka kwa daktari lilimsumbua kuliko boti ilivyomsumbua katika kipindi chote cha kupona.

Kwa hiyo swali la kama mbwa mgonjwa anaweza kuishi kwenye boti inayohama linagawanyika. Kuhama kwenyewe hakuna shida. Shida ni mlango, ngazi, na loki.

Loki nizieleze kidogo, kwa sababu ndizo hatari kuu kwa mbwa yeyote, hata aliye mzima. Boti ikiwa ndani ya chumba kile hugonga kuta, na maji yanapoingia huivuta mbele na nyuma. Watu wanashuka na kupanda, malango yanasukumwa, na mbwa anataka kumfuata kila anayetoka. Baadhi ya watu humfunga mbwa kwa kamba kwenye sitaha wakidhani wamemweka salama. Loki inaposhusha, boti inaondoka chini ya miguu ya mbwa aliyejaribu kurukia ukutani, na kamba haimwachii, ananing'inia kwa shingo. Vilevile nafasi kati ya ubavu wa boti na ukuta haizidi kiganja, na mbwa akianguka hapo boti ikasogea hakuna muda wa kumtoa. Kanuni ya dada tangu zamani ni kwamba boti ikiingia loki mbwa wote wako ndani, milango imefungwa, hawajafungwa kamba. Kwa mbwa mwenye goti lililopasuliwa hata hiyo haitoshi, kwa sababu kishindo kimoja cha boti dhidi ya lango kinaweza kumwangusha akiwa amesimama kwa miguu mitatu.

Sheria inasema nini

Mifereji mingi ya Uingereza na Wales iko chini ya Canal & River Trust, taasisi ya hisani iliyochukua kazi hiyo mwaka 2012 kutoka kwa shirika la serikali la British Waterways. Inasimamia kama kilomita 3,200 za mifereji na mito. Mwenye boti anatakiwa awe na leseni, bima, na cheti cha usalama wa boti kinachofanyiwa ukaguzi kila miaka minne. Kisha ama awe na gati la kudumu, ama awe msafiri. Sheria ya mwaka 1995 inamtaka msafiri aitumie boti kwa safari ya kweli, bila kukaa mfululizo mahali pamoja zaidi ya siku 14, "au muda mrefu zaidi unaofaa kulingana na hali".

Maneno hayo ya mwisho ndiyo ambayo watu humkimbilia mgonjwa anapokuwepo. Mwongozo wa taasisi unatoa mifano: injini kuharibika, mfereji kufungwa kwa dharura, barafu isiyopitika, ugonjwa mkubwa ambao huenda ukatakiwa kuthibitishwa na daktari. Mbwa hatajwi. Je, mguu wa mbwa ni "hali"? Shemeji aliamini ndiyo, na alitaka kuandika barua ya kuomba miezi miwili mahali pamoja. Dada alikataa. "Barua tuandike," aliniambia kwenye simu, "lakini mdogo wangu, siwezi kumpasua mbwa nikitegemea huruma ya mtu ambaye sijamwona."

Nadhani dada aliona mbali. Ombi la namna hiyo linaweza kukubaliwa, na ni vizuri kuwajulisha wahusika mapema, na kutunza barua ya daktari wa wanyama. Ila mpango wa matibabu unaosimama juu ya ruhusa ambayo bado hujapewa ni mpango dhaifu. Zaidi ya hapo, hata ruhusa ingekuja, boti isingeweza kukaa. Tangi la maji lina ukomo, na mbwa mgonjwa anakula maji: kufua matandiko, kupangusa tope, kusafisha vitambaa. Sanduku la choo nalo linajaa na lazima likamwagwe penye kituo. Gesi, makaa na dizeli huisha. Mtu wa mfereji anahama kwa sababu ya bomba kabla hajahama kwa sababu ya sheria.

Kulikuwa na njia ya marina, yaani bandari ndogo ya boti. Ukilipia nafasi ya muda unapata gati linaloelea, umeme na maegesho ya gari la kumpeleka mbwa kliniki. Taasisi nayo huuza nafasi za majira ya baridi, kuanzia Novemba hadi mwisho wa Februari, ambapo boti inaruhusiwa kutulia. Waliipima njia hiyo kwa uzito wake. Bei ilikuwa kikwazo, kwa kuwa fedha zilikuwa zinaelekea kwenye upasuaji wa maelfu ya pauni ambao bima ingelipa sehemu tu. Lakini kilichowaondoa huko ni gati lenyewe: njia nyembamba ya mbao yenye matundu, inayoyumba kila mtu akipita, na majani ya kwanza ya mbwa kujisaidia yako umbali mrefu kuliko daktari alivyoruhusu atembee. Marina inamfaa binadamu mwenye goti bovu. Kwa mbwa huyu, ukingo wa mfereji wenye majani hatua mbili kutoka mlangoni ulikuwa bora.

Kwa nini Ashby

Sasa nafika kwenye sehemu ninayoiona kuwa kiini cha kisa, na ninaipenda kwa sababu jibu lilikuwa kwenye ramani tangu mwanzo.

Mfereji wa Ashby ulifunguliwa mwaka 1804 ili kubeba makaa ya mawe kutoka migodi ya Moira. Wahandisi waliufuatisha mstari wa kimo kimoja, kama futi 300 juu ya usawa wa bahari, ukizunguka vilima badala ya kuvipanda. Matokeo yake ni kwamba hauna loki. Migodi ile ile iliyoulisha ilikuja kuuharibu, kwani ardhi ilititia, na sehemu za kaskazini zikafungwa kwa awamu kati ya mwaka 1944 na 1966. Zimebaki maili 22, yaani kilomita 35, kutoka njia panda ya Marston inapoungana na mfereji wa Coventry hadi Snarestone. Kilomita 35 za maji tambarare bila loki hata moja.

Waliokuwa wakiwashauri waliuona mfereji huu kama mahali pa kukwama, kwa kuwa mwisho wake umezibwa na lazima urudi ulikotoka. Kwa mbwa wetu ulikuwa wodi ya hospitali yenye urefu wa kilomita 35. Taasisi imewahi kueleza kwamba mtu ambaye masafa yake kwa muda wote wa leseni, kutoka ncha moja hadi nyingine, hayafiki maili 15 hadi 20 atapata taabu kuonyesha kwamba anasafiri kweli. Kutoka Marston hadi Snarestone ni maili nyingi kuliko hizo, na kwenda na kurudi ni safari halisi yenye mwelekeo, tofauti na kuchezacheza kati ya madaraja mawili.

Ratiba waliipanga kwa kutazama kalenda ya daktari na ya sheria pamoja. Upasuaji wa aina hii hukata sehemu ya juu ya mfupa wa muundi, huizungusha na kuikaza kwa bamba na skrubu, ili goti lisimame bila kulitegemea kano lililochanika. Nyuzi za kushonea kidonda hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Kwa hiyo walifunga boti karibu na Hinckley siku chache tu kabla ya operesheni, wakaitumia nafasi yao ya kwanza pale wakati wa maumivu makali, kliniki ikiwa jirani. Picha ya eksirei ya kuangalia kama mfupa umeunga hupigwa kati ya wiki ya sita na ya nane. Kutoka Hinckley hadi Snarestone ni kama kilomita 25. Wakienda taratibu, wakipumzika Stoke Golding, Sutton Cheney, Market Bosworth na Shackerstone, wakageuza boti Snarestone na kurudi, wangekuwa tena Hinckley wakati wa eksirei. Daktari alipoonyeshwa ramani alifurahi. Alitaka mbwa asafiri akiwa amelala, na hilo ndilo boti inalolifanya vizuri kuliko chombo kingine chochote.

Kila kituo walikichagua kwa vigezo vya mbwa. Njia ya ukingoni, ile waliyopita farasi zamani wakivuta boti, iwe ngumu na pana, isiwe tope. Ukingo uwe umejengwa kwa mawe au vyuma ili boti ifike hadi kugusa. Kuwe na daraja la barabara karibu, gari lifike. Vituo vyenye mandhari nzuri walivipita. Pale Sutton Cheney, karibu na uwanja alipouawa Mfalme Richard wa Tatu mwaka 1485, watalii hushuka kwenda kutembea, na dada angetamani sana, lakini ukingo ulikuwa umejaa boti na nafasi iliyobaki ilikuwa na mteremko. Wakasogea mbele.

Mlango na ngazi

Ngazi ya tezi ilifungwa kwa ubao moja kwa moja. Mbwa akahamia sebuleni, kwenye kizimba kikubwa cha waya, kwa sababu omo lina vidaraja viwili tu. Upana wa ndani hauzidi mita 1.8, kizimba kikala karibu nusu, na watu wakapita kwa ubavu. Sakafu iliwekwa mikeka ya mpira isiyoteleza hadi mwisho. Ile kola ya plastiki ya kuzuia mbwa asilambe kidonda haikufaa kabisa: aligonga ukuta kushoto, akashtuka, akagonga kabati kulia, akajipinda kwenye goti lile lile. Wakabadilisha na kola laini iliyojazwa hewa.

Jiko la makaa lilihitaji fikra. Kwenye boti joto hupanda darini na sakafu hubaki baridi, kwa hiyo mbwa asiyeweza kupanda kochi huhisi baridi wakati watu wamevua masweta. Godoro lake liliinuliwa kwa fremu ya mbao. Shemeji alikuwa amelisukuma mpaka mlangoni, na lilikuwa linaziba matundu ya hewa yaliyo chini ya milango ya omo. Matundu hayo hayazibwi, hata upepo ukiuma namna gani, kwa sababu jiko likikosa hewa hutoa kaboni monoksidi, na chumba kilichofungwa cha ukubwa ule hakimpi mtu muda. Tangu Aprili 2019 kengele za kugundua gesi hiyo ni sharti kwenye boti zenye vyumba vya kulala. Walizipima zote, na godoro likarudi nyuma.

Kumtoa nje kulihitaji watu wawili mwanzoni. Mbwa alivalishwa jaketi la kuelea lenye mshikio mgongoni, shemeji akashika mshikio. Dada aliikunja khanga mara nne kwa urefu, akaipitisha chini ya tumbo, mbele ya mapaja, akashika ncha zote mbili juu na kubeba uzito wa nyuma. Mbwa alitembea kwa miguu ya mbele huku ile ya nyuma ikielea. Kidaraja cha kwanza, kituo. Cha pili, kituo. Juu ya ukingo wa boti walimpitisha kwenye ubao wa kupandia uliofunikwa mpira wenye vinundu. Ule ubao ulikuwepo kwenye paa la boti miaka yote, na ulitumika kwa wageni peke yao. Kidonda hakikutakiwa kugusa maji ya mfereji, kwa kuwa mkojo wa panya huleta ugonjwa wa leptospira, unaowapata mbwa na watu. Mbwa wa boti anatakiwa achanjwe dhidi yake kila mwaka bila kuruka.

Mbwa wa pili ndiye aliyesahauliwa kwenye mipango, naye akakumbusha. Ni kijana, mwembamba, wa jamii ya mbwa wa mbio. Siku za kawaida mtu mmoja hushika kana na mwingine hutembea naye ukingoni sambamba na boti. Sasa mmoja alitakiwa awe ndani na mgonjwa kila boti ilipotembea, kijana hakutembezwa, na kufikia jioni alikuwa akirukia kizimba. Waliamua boti isiondoke asubuhi kabla hajakimbia saa nzima. Safari zikawa fupi, giza la Novemba likizingatiwa, lakini ndani kukatulia.

Usiku wa plastiki

Mpango uliyumba mara moja, kati ya Market Bosworth na Shackerstone. Mfuko wa plastiki na kamba ya mvuvi vilijizungusha kwenye rafadha, lile panga linaloisukuma boti majini, nguvu ikapotea, na upepo ukaisukuma boti upande usio na njia, penye matete na shamba la mtu. Jua lilikuwa limezama. Kuna kifuniko juu ya rafadha kinachofunguliwa kutoka ndani. Shemeji alizima injini, akatia ufunguo mfukoni mwake, akalala kifudifudi na kutumbukiza mkono hadi begani kwenye maji ya baridi, akikata kwa kisu cha mkate, kipande baada ya kipande. Kazi ilichukua muda mrefu, na mbwa alikuwa anataka kutoka.

Hapakuwa na pa kumtoa. Upande ule ukingo ulikuwa matete na tope. Dada alitandika kapeti la nyasi bandia kwenye sitaha ya omo, chini ya turubai, akamleta kwa khanga, na mbwa akakataa kata kata. Alikuwa amefundishwa miaka tisa kwamba boti haichafuliwi. Alingoja mpaka boti ilipovushwa kwa pondo, ule mti mrefu wa kusukumia, hadi ng'ambo. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimwambia kila mwenye mbwa wa boti amzoeshe kapeti angali mzima, maana siku ya dharura si siku ya kufundisha.

Usiku huo pia walijifunza faida ya namba za madaraja. Kila daraja la mfereji lina kibao chenye namba yake. Boti haina mtaa wala nyumba, na ukipiga simu kwa daktari wa zamu au gari la wagonjwa namba ya daraja na kijiji cha jirani ndiyo anwani yako. Dada sasa huiandika kwa chaki kwenye ubao ulio juu ya jiko kila wanapofunga kamba.

Anwani ilileta usumbufu mwingine. Sheria ya huko inataka mbwa akiwa mahali pa umma avae mkanda wa shingoni wenye jina na anwani ya mwenyewe, na England tangu mwaka 2016 kila mbwa awekewe chipu yenye taarifa sahihi. Hospitali ya rufaa na bima nazo zilitaka anwani ya makazi. Walitumia ya mama mkwe wa dada, wakaongeza namba zao mbili za simu kwenye kibati na kwenye kumbukumbu ya chipu. Barua moja muhimu ya bima ilikaa kwa mama mkwe siku kadhaa bila kufunguliwa, kwa sababu alidhani ni tangazo. Bora kumwambia mwenye anwani mapema barua gani zinakuja.

Mguu, na mguu mwingine

Eksirei ilionyesha mfupa umeunga. Mbwa alikuwa ametoka kwenye matembezi ya dakika tano hadi nusu saa kwa kamba, na alikuwa anaweka uzito sawa. Leseni haikuleta swali lolote, na daftari lenye tarehe na namba za madaraja lilikuwepo kama lingetakiwa. Ruhusa ya ziada hawakuihitaji.

Maisha yao baadaye yamebadilika zaidi ya nilivyotarajia. Ubao unawekwa kila wanapofunga boti, hata kwa mbwa mdogo, ambaye hana kasoro yoyote na ambaye magoti yake ndiyo ningependa yalindwe sasa. Hakuna mbwa anayeitwa nje kabla kamba za omo na tezi hazijakazwa. Uzito wa mgonjwa umeshuka kilo mbili. Kwa loki wanasubiri kwanza: wamebaki kwenye maji tambarare ya Coventry na Oxford ya kaskazini, ambako kutoka Atherstone hadi Hillmorton unakutana na loki moja tu, ile ya Hawkesbury, isiyoshusha hata nusu mita. Zile 11 za Atherstone watazishuka masika, mbwa akiwa ndani ya kizimba, dada akiwa amekaa naye na shemeji akisaidiwa na mtu wa kufungua malango.

Lililobaki ni goti la pili. Mbwa aliyechanika kano upande mmoja mara nyingi huchanika na upande wa pili, na bima nyingi huhesabu miguu yote miwili kuwa tatizo moja lenye kikomo kimoja cha malipo. Dada aliligundua hilo alipousoma mkataba mstari kwa mstari, baada ya operesheni. Fedha ya goti la pili wameanza kuiweka wenyewe, kila mwezi, kabla ya fedha ya dizeli.